Mama Waya na Sindano ya Gari Jekundu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa umeme wa magari, Mama Waya, anatundika koti lake la kazi baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika karakana hii. Ofisi ilitaka wasifu wake uandikwe na katibu, ambaye kalamu yake imenyooka. Mwenyewe akakataa. Akasema aandike fundi injini wa meza ya pili, yaani mimi, na mtu mwingine asiuguse. Nilijiona mtu wa maana sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokaa na karatasi tupu mbele yangu.

Alikuja hapa akiwa binti mwembamba mwenye bisibisi moja na maneno mengi. Mafundi wa wakati huo walimpa kazi ya kubadilisha balbu, wakidhani atachoka aende zake. Mwaka wa pili wao ndio waliokuwa wakimfuata na taa zisizozimika. Jina lake lilitokana na vibanio vya nguo. Kila waya anaoufungua huubana kwa kibanio cha rangi yake, na boneti ya gari hufanana na kamba ya kuanikia nguo za watoto. Tulimcheka sana. Kisha nikafungua waya za lori moja bila vibanio, nikazirudisha kwa kukumbuka, na tangu hapo kila dereva alipokata kona ya kushoto honi ililia. Mama Waya hakunicheka peke yake, aliwaita wenzake waje wamsaidie kucheka.

Kuna mteja aliyeleta gari akiapa kwamba limerogwa, kwa kuwa redio ilijiwasha kila alipokanyaga breki. Alikuwa ameshazunguka kwa wataalamu wa aina zote. Mama Waya aliingia chini ya dashibodi, akatoka chai yake ikiwa bado ya moto, akamkabidhi skrubu moja yenye kutu na kumwambia mchawi wake ndiye huyo. Waya hauna uchawi, husema, una njia. Kwa hiyo hufuata njia. Hubadilisha kitu kimoja, anapima, halafu kingine, anapima tena. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, anasema, hutajua kipi kimekuponya. Vijana wote waliopita mikononi mwake wanajua sentensi hiyo kuliko namba zao za simu.

Sasa nifike kwenye gari jekundu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Ni gari la michezo la zamani, viti viwili, boneti ndefu, dashibodi ya mbao yenye geji za duara. Mwenye gari ni mwalimu wa hesabu. Miaka tisa iliyopita alilileta akilalamika kwamba geji ya joto inaruka hadi kwenye nyekundu injini ikiwa bado baridi. Mama Waya alilishughulikia asubuhi nzima, akakuta waya unaokwenda kwenye bodi ya gari umelegea, akaukaza, akasaini kadi ya kazi. Saa sita akapigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa. Akaondoka mbio hata mkoba akausahau.

Alasiri Mwalimu akachukua gari lake, maana kesho yake alikuwa anamwoza binti yake. Njiani, kwenye mlima, akasikia harufu ya maji yaliyochemka. Akatazama geji. Sindano ilikuwa katikati kabisa, mahali salama. Akaamini. Akashuka, akafungua kifuniko cha rejeta, na maji yakamrukia usoni. Hakumwona binti yake akiolewa, na hajamwona tena hadi leo.

Gari lilivutwa kurudi hapa. Mama Waya alilifungua lote akakuta geji nzima na waya nzima. Hakupata chochote cha kueleza kwa nini sindano ilikaa katikati wakati injini inaungua. Lakini saini kwenye kadi ilikuwa yake. Usimamizi wa karakana aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mwingine, na yeye hakubisha. Alisema kazi iliyo kwenye kadi yake ni yake. Mwalimu naye hakumshtaki mtu. Aliomba jambo moja tu, kwamba gari lisiuzwe wala lisisogezwe hadi atakapoambiwa kwa nini sindano ilimdanganya.

Likakaa kwenye banda la nyuma, bila betri, vumbi juu ya kioo. Kila Jumamosi, miaka tisa, Mama Waya aliingia humo na vibanio vyake kutafuta alikosea wapi. Alirudi na magoti yenye vumbi. Mtu anayemaliza hitilafu yoyote kabla chai haijapoa alikuwa anakwenda kustaafu akijua kwamba amempofusha mtu, na hajui kwa namna gani.

Mwezi uliopita fundi rangi alikuja mbio kutoka bandani akihema. Nilikuwa nimeingia ndani ya gari hilo kutafuta spana, na yeye akichungulia dirishani aliona sindano ya joto imesimama katikati. Watu wakamuuliza alikuwa amekula nini. Gari halina betri, na geji ile ni ya umeme, bila betri ni pambo. Nilicheka kuliko wote. Mama Waya hakucheka, alichukua bisibisi akaenda.

Alitoa sensa, kile kipima joto cha kwenye injini, akaiweka mezani. Baadhi ya siku sindano ilipanda vilevile. Akatoa waya wote kutoka kwenye injini hadi kwenye dashibodi. Ikapanda. Akatoa kifaa cha kusawazisha umeme. Mwishowe geji ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili tu, nyuma yake ni uwazi mtupu, ukipitisha mkono unatoka upande wa pili. Ilipanda hata hivyo, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Mimi, niliyeitwa mara kadhaa kuketi humo nimshikie taa, nilitafuta kila sababu ya kutopita upande ule.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, alituita sote bandani. Mwalimu alikuwepo, ameletwa na binti yake, amekaa kiti cha abiria na mikono juu ya mapaja. Mama Waya alieleza kwa utulivu kwamba ameshabadilisha kila kitu, kimebaki kimoja tu, mtu. Tuketi mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva. Meneja aliketi akifanya utani, sindano ililala. Katibu, ikalala. Fundi rangi aliketi nusu makalio, tayari kukimbia, ikalala. Mlinzi naye hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliketi. Sindano ikanyanyuka polepole kama mgonjwa anayesaidiwa kuketi kitandani, ikafika katikati, ikasimama. Usukani ulikuwa wa moto. Mwalimu akanigeuzia uso wake, akauliza ni nani aliyeketi sasa.

Nikamjibu ni fundi injini. Akatikisa kichwa taratibu. Mama Waya alichukua ile kadi ya zamani, iliyokwisha kuwa njano, akaandika chini ya saini yake kwamba geji haina kosa. Akakusanya vibanio vyake, akatoka. Kesho yake akaenda ofisini kuomba wasifu huu niuandike mimi. Hajaniuliza swali lolote. Angeniuliza ningedanganya, na nadhani analijua hilo.

Basi nakiri. Alasiri ile, Mwalimu alipowasha gari, sindano iliruka tena. Kulikuwa na waya mwingine, umechubuka, unagusa injini. Mama Waya alikuwa ameshaondoka, mteja ana haraka, na mimi nilitaka kuonekana hodari. Nilikata waya wa sensa, nikafunga rizista, kizuia umeme kidogo kuliko punje ya mahindi, nyuma ya dashibodi, sindano ikatulia katikati. Ingetulia hapo hata gari likiwaka moto. Nilijiambia nitamweleza akirudi. Gari lilipovutwa kurudi, nilikuwa wa kwanza kufika. Niliitoa, na badala ya waya niliokata na ule uliochubuka nikaweka nyingine kuukuu zisizo na alama. Halafu nikanyamaza miaka tisa, nikimtazama akiingia bandani kila Jumamosi. Nilimpelekea hata chai humo. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo kuliko zote.

Ijumaa nitausoma ukurasa huu mwenyewe, kwa sauti, Mwalimu akiwa kiti cha mbele, kwa kuwa jibu ni lake kabla ya kuwa la mtu mwingine. Rizista nilikuwa nimeificha kwenye kopo la grisi chini ya meza yangu. Nimeibandika kwenye kadi ya kazi. Saini yako, dada, nimeifuta kwa mstari, nikaweka yangu. Nikimaliza kusoma nitamkabidhi Meneja kadi hiyo, na litakalonifika nitalipokea.

Karakana nzima inakushukuru kwa miaka thelathini na moja ya kutufuatia njia. Tunakuombea afya, bustani yenye mboga nyingi, na wajukuu wasiochezea soketi. Vibanio umeniachia mezani, vyote, na sijui kama ni zawadi au ni adhabu. Nitavitumia.

Jumamosi usije bandani. Hakuna cha kutafuta tena. Hukukosea popote, dada yangu. Nenda ukapumzike.