Mwalimu Uulkan na Makopo Sitini ya Maharage

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka arobaini na miezi tisa ya kufundisha, Mwalimu Uulkan Sadirova atarudisha ufunguo wa darasa la baiolojia la shule yetu ya Uch-Jigde, hapa bonde la Talas. Kwa sheria alitakiwa kustaafu miaka mitano iliyopita. Mwenyewe anasema alisahau. Sisi tuliokumbuka tulinyamaza.

Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu, na meza yangu imetazamana na yake kwa miaka ishirini na minne. Muda wote huo nimejaribu kumwelewa, na nakiri sijamaliza.

Alifika hapa Septemba 1983, msichana wa miaka ishirini na miwili, na karatasi ya serikali iliyompangia miaka mitatu ya kijijini. Alikuja na sanduku la nguo na darubini ndogo aliyoipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mwaka wa pili aliolewa na Asangazi, dereva wa trekta wa shamba la ushirika, mtu mpole anayependa kusifiwa. Ile miaka mitatu hakuna aliyeizungumzia tena.

Aliyemzungumzia sana ni mama mkwe wake, Bibi Kalicha. Nyumba ilikuwa na ng'ombe wanne, kondoo, na bustani ya viazi, na mkwe huyu mpya alikuwa akiondoka kila asubuhi na furushi la madaftari.

"Watoto wa watu wanajua jani linavyokula jua," Bibi Kalicha aliwaambia majirani, kwa sauti ya kutosha kusikika ndani. "Ng'ombe wangu hata saa ya kula hajui."

Uulkan hakubishana. Aliamka saa kumi na moja, akakamua, akaoka mikate, saa mbili akawa darasani. Basi vuli moja wakachinja ng'ombe mzee. Mama mkwe alikuwa ameinamia beseni akiosha matumbo, Uulkan akaomba ampishe kidogo. Akayapanga manne kwa mfuatano kwenye turubai, akayapasua, akamwonyesha nyasi zinapoingia, zinaporudi mdomoni, na zinapoishia.

Bibi Kalicha akashika tumbo la tatu, lenye kuta kama kurasa za kitabu, akalifungua na kulifunga mara kadhaa.

"Miaka arobaini naosha haya," akasema. "Hakuna aliyeniambia yana kazi tofauti."

Tangu siku hiyo ng'ombe wa asubuhi aliwakamua Bibi Kalicha mwenyewe. Jioni naye alikuwa na swali moja kabla chai haijamiminwa: "Haya, leo umewafundisha nini?" Akiona jibu halijamtosha, humwambia arudi kesho akaulize shuleni, kana kwamba anayeulizwa shuleni si yeye huyo huyo.

Ushirika ulipovunjwa, kila nyumba ilipewa kipande chake cha ardhi. Kuna miezi mishahara haikuja, na walimu watatu wakaenda kuuza nguo sokoni. Uulkan alibaki, akalima. Maharage yalipoingia bondeni, yeye na Asangazi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapanda. Wazazi wengi wanakumbuka kupokea daftari la mtoto lenye alama nzuri na udongo kwenye kona.

Sasa nifike kiangazi cha mwaka 2007, ambacho bila hicho wasifu huu usingekuwa na maana.

Julai ile majani ya maharage yalianza madoa ya kahawia yenye ukingo wa njano. Baada ya wiki mbili mashamba yalionekana kama yamepitiwa na moto. Watu wakatazama juu, kwenye mfereji. Maji yetu yanapitia Kashka-Tor, kijiji cha juu, na huko huwaogesha kondoo kwa dawa. Haukupita muda kila mtu alikuwa na hakika kuwa wametiliwa sumu. Vijana wakaanza kunoa makoleo kwenda kuvunja lango la maji la Kashka-Tor, na habari zikashuka kwamba wenzao nao wanawasubiri.

Mzee Orozali, msimamizi wa mfereji wetu, alikuja shuleni akiwa amevua kofia. Alitaka barua.

"Andika tu, binti yangu, kwamba maji yana sumu. Weka na muhuri."

"Sijui kama yana sumu, ake," akasema, kwa neno letu la kumheshimu mzee.

"Wewe mwalimu wa mimea. Usipojua wewe nani ajue?"

"Nipe wiki tatu nijue."

"Wiki tatu? Vijana wale siwezi kuwashika siku tatu."

"Waambie mwalimu wao wa baiolojia amesema wakae chini," akajibu. "Wengi wao bado wananiogopa."

Ilikuwa likizo, lakini wanafunzi ishirini na wawili wa darasa la nane walikuja. Walikusanya makopo sitini ya nyanya na maziwa, wakayatoboa chini, wakayajaza udongo wa bustani ya shule. Mbegu zilikuwa za aina mbili: nusu za kijijini, zilizochotwa kwenye gunia la nyumbani kwa mwalimu, na nusu alizoomba kwa shangazi yake wa ng'ambo ya milima. Kila aina iligawanywa tena, nusu ikanyweshwa maji ya mfereji, nusu maji ya kisima. Mafungu manne, kila fungu makopo kumi na tano. Mimi nilikuwa nikipita kila siku kuyachungulia, na nakiri nilikuwa upande wa sumu.

Siku ya kumi na saba madoa yalitokea. Yalitokea kwenye mbegu za kijijini, zilizonyweshwa mfereji na zilizonyweshwa kisima, sawasawa. Miche ya shangazi ilikuwa kijani kibichi, hata ile iliyokunywa maji ya mfereji tangu siku ya kwanza.

Watoto walifurahi kwa kugundua. Mwalimu wao alikaa kwenye dawati la nyuma. Alikuwa ameelewa jambo ambalo wao hawakulifikia. Msimu uliotangulia Asangazi alipata sokoni mbegu nono kuliko zote, zikamzalia vizuri, na kwa fahari yake akagawia nyumba thelathini na saba. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwake.

Haya yaliyofuata nyumbani nilisimuliwa na Asangazi mwenyewe, miaka baadaye.

"Si ungesema tu ni ugonjwa," alimwambia mkewe. "Ugonjwa ni ugonjwa. Kwani lazima useme umetoka wapi?"

"Wasipojua umetoka wapi watapanda mbegu zile zile mwakani."

"Na mimi nitapita wapi kijijini?"

"Asangazi, watoto ishirini na wawili wameandika walichokiona kwa mikono yao. Nikiwaambia wafute, Septemba nitaingia darasani kuwafundisha nini?"

Asangazi alivaa kofia yake akatoka.

Mkutano ulifanyika mchana, uwanjani pa shule. Mwalimu Uulkan alipanga makopo juu ya madawati, akamwomba Mzee Orozali asome vibandiko kwa sauti. Mzee alisoma kopo baada ya kopo, sauti ikizidi kushuka. Alipomaliza, mwalimu akasema, "Maji ni mazima. Mbegu ndiyo mbovu, na imetoka nyumbani kwangu. Ing'oeni yote, mchome moto, na msihifadhi hata punje moja."

Nilimtafuta Asangazi kwa macho. Alikuwa keshaondoka.

Si kwamba watu walimpigia makofi. Mtu mmoja alitema mate chini. Wako waliokatisha salamu kwa mwaka mzima, na uzio wa nyumba ya mwalimu ulibomolewa upande wa barabarani, hatujui na nani. Lakini asubuhi yake Asangazi alionekana shambani kwake peke yake, anang'oa. Kufika adhuhuri walikuwa watu watano. Wiki ilipokwisha moshi ulikuwa umetanda kijiji kizima, na hakuna koleo lililopanda Kashka-Tor. Aliyepanda ni Mzee Orozali, na kondoo mmoja. Alirudi bila kondoo na bila maelezo.

Siku nne Asangazi hakumsemesha mkewe. Ya tano aliweka kikombe mezani akauliza, "Zile za shangazi yako, zisizougua, wao huzihifadhi vipi?" Kesho yake alipanda basi kwenda kuzifuata.

Majira mawili ya baridi bonde hili lilikula viazi. Mwaka wa tatu maharage yalirudi safi. Hadi leo hakuna mbegu inayoingia shamba la Uch-Jigde kabla haijaoteshwa kwanza kwenye dirisha la darasa la baiolojia, na wale ishirini na wawili, mmoja ni mtafiti wa mimea, wawili ni wauguzi, na kumi na mmoja ni wakulima wanaotuuliza maswali magumu vikaoni.

Wiki iliyopita nilikaa nyuma katika kipindi chake cha mwisho. Aizirek wa darasa la sita aliuliza kwa nini sisimizi hugeuka wakifika kwenye majivu ya tanuri.

"Sijui," akasema Mwalimu Uulkan. "Umewaangalia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi bado hujawaangalia. Mwaga majivu, mwaga na unga pembeni. Jumatatu uniambie."

Mtoto akamkumbusha kuwa Jumatatu ni likizo, na kwamba mwalimu hatakuwapo tena. Mwalimu, chaki mkononi, akamwelekeza nyumba yake ilipo, kana kwamba kuna mtu kijijini asiyeijua.

Asangazi naye ametuma malalamiko rasmi kwa ofisi ya walimu. Anasema tulimchukua msichana asiyejua kukamua, na sasa tunamrudishia mtu atakayemhoji yeye kuanzia alfajiri.

Eje Uulkan, dada yetu mkubwa, ahsante kwa kila ulilotufundisha, na zaidi kwa mara zote uliposimama mbele ya watu ukasema hujui. Tunakuombea magoti yenye nguvu, ng'ombe wenye maziwa, mume mwenye subira, na kila asubuhi ikukute na jambo moja ambalo bado hujalielewa.