Mzee Leodgar Azima Mashine ya Bugwema

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Leodgar Masatu atazima mashine ya kusaga ya kikundi chetu cha akina mama wa Bugwema kwa mara ya mwisho akiwa mwendeshaji wake. Ameitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi Debora, mpokeaji wa mizigo, nimeombwa kuandika habari zake kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa karibu kuliko wengine, na pia kwa kuwa, kama anavyopenda kunitania, mdomo wangu tu ndio unaoweza kushindana na mashine kwa kelele.

Alikuja mwaka 1994 kutoka Musoma mjini. Mkewe, Tabitha, alibaki huko mjini, mtaa wa Kamunyonge, katika nyumba waliyokuwa wakiijenga chumba kimoja kimoja, naye Mzee Leodgar akapewa chumba nyuma ya mashine. Kila Jumamosi jioni alirudi kwake na kiroba cha unga begani. Jumapili aliingia kanisani kichwa kikiwa bado cheupe kwa unga, hata watu waliomzidi umri wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila aibu yoyote.

Tabitha alifariki mwaka 2014. Baada ya msiba Mzee Leodgar alirejea kazini mapema kuliko tulivyotarajia, na akaanza kuikimbiza kazi. Mashine iliwashwa kabla hakujapambazuka, Jumapili pia. Chakula cha mchana alikula amesimama. Mahindi yalisagwa mara tu baada ya mihogo bila chekeche kusafishwa, na unga ukafungwa ungali wa moto. Tulimsifu kwa bidii. Hakuna aliyeuliza kwa nini haendi tena Kamunyonge.

Kisha ukaja unga wa harusi ya kijiji cha Buswahili. Ulifungwa wa moto, ukatoa jasho ndani ya viroba, na siku ya sherehe wapishi wakakuta mabonge yenye harufu ya uvundo. Harusi kukosa ugali ni aibu ambayo huku kwetu haisahauliki upesi. Wateja wakaanza kupeleka mizigo yao Butiama, na sisi tukaitisha kikao. Wengine walitaka mashine kubwa zaidi, wengine walitaka mwendeshaji mpya, na mwenyewe alikuwa amekaa pale pale akisikia.

Alisimama taratibu. "Mashine kubwa ya nini?" akasema. "Hii yenyewe nilikuwaga naikimbiza bure tu. Mashine haijachoka, ni mimi ndiyo naogopa kuizima. Nikizima, inabidi niende nyumbani, na nyumbani hakuna mtu."

Mwenyekiti wetu, Mama Gati, alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akamwomba atueleze tufanye nini.

Utaratibu mpya aliupanga yeye mwenyewe. Mihogo na mtama vikapewa siku zao, mahindi siku zake. Kila baada ya mizigo kadhaa mashine ilipumzishwa, chekeche likasafishwa, unga ukatandazwa kwenye turubai mpaka upoe. Saa kumi jioni tulizima. Jumapili tulifunga kwa kufuli. Mwanzoni watu walinung'unika sana. Mama mmoja alikuja kugombana kwa kucheleweshwa, akaishia kukaa kwenye foleni mpaka akampatia mwanawe mchumba. Kwaya nayo ikahamishia mazoezi yake pale, kwa kuwa nusu ya waimbaji walikuwa wakisubiri unga. Mkanda wa mashine uliokuwa ukikatika kila mara ukadumu. Watu wa Buswahili wakarudi, hata wenye harusi ile. Tulisaga kidogo kwa siku, lakini mwisho wa mwaka tulijikuta tumesaga unga mwingi kuliko zamani.

Biashara ilipona. Yeye sina hakika. Jioni zile za kimya nilimwona ameketi mlangoni kwake, mikono magotini, akiwa hana la kufanya. Sisi tulipata faida ya kwenda polepole, na upweke wake akabaki nao mwenyewe. Hilo linaniuma, na nimeona nisilifiche katika siku ya kumshukuru.

Jumapili alianza tena kwenda Kamunyonge. Nilifurahi, nikamuuliza nyumba ikoje ndani. "Ndani sijaingiaga, Debora," akaniambia. "Nafagiaga uwanja, halafu narudi." Binti yao, Esther, anayeishi Dodoma, humsihi ahamie kwake. Hujibu kuwa atakwenda kutembea tu, maana nyumba aliyoijenga na Tabitha hawezi kuwaachia popo.

Mzee Leodgar, ahsante. Ahsante kwa unga uliopoa, kwa utani, na kwa kusema kweli mbele ya kikao wakati ungeweza kusingizia mtambo. Isaya, anayekupokea kazi, anasema kitu cha kwanza ulichomfundisha ni kuzima. Mimi nitabaki na kelele zangu bila mtu wa kuzicheka, na tayari naona mchana utakuwa mrefu.

Kikundi kilitaka kumzawadia baiskeli. Alikataa kwa upole, akasema ana ombi moja. Kwa desturi yetu mtu husindikizwa mpaka njiani, kisha waliomsindikiza hurudi. Yeye ameomba tumsindikize mpaka ndani ya nyumba.

Kwa hiyo Jumamosi tutajaa kwenye gari, kwaya ikiwemo. Tutaingia pamoja nawe, mzee wetu. Tutafungua madirisha, tutawasha moto jikoni kwa Tabitha na kusonga ugali. Tunakutakia ustaafu wenye afya na nyumba yenye sauti za watu. Siku hiyo hatutakuwa na haraka ya kuondoka.