Bustani ya Vikombe Sita

Mimi Mwinshehe nauza kahawa kona ya Mji Mpya hapa Morogoro, na nasema mapema kwamba sipendi vikombe vyangu vifanyiwe michezo. Lakini Jumamosi ile, masika inanukia na milima ya Uluguru imejifunika mawingu tangu asubuhi, nilirudi kuchota maji nikakuta vikombe vyangu vyote sita vimepangwa juu ya kipande cha boksi katikati ya benchi. Vimekuwa matuta ya mboga, na kashata zimekuwa njia. Mwenye bustani alikuwa Kasimiri, ambaye tunamwita Mkwe kwa kuwa katoka Kigoma akaoa Mluguru. Ukoo wa mkewe, Martina, una shamba Matombo, juu ya misheni, na kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, mjomba akiwa ndiye msemaji. Mjomba Alois amesema Jumapili baada ya misa anataka kusikia Mkwe atapanda nini na atapangaje. Akiona ubabaishaji, shamba anapewa Fidelis, mume wa binamu yake Martina. Kwa hiyo Mkwe alibakiwa na siku moja tu.

Mkwe: Jamani, mie leo sina utani. Mama yake Martina aliacha mdalasini pale shambani, kaupanda kwa mkono wake. Fidelis akipewa, anaukata siku hiyohiyo. Martina wiki nzima halali.

Profesa: Tulia, mzee. Bustani ni taaluma.

Huyu jina lake Oscar. Alikuwa mlinzi wa geti chuoni Mzumbe miaka kumi na minne, akastaafu na uprofesa wake.

Profesa: Tunaanza na lango, hapa. Kutoka langoni, matuta sita yamenyooka kama rula. Karoti, spinachi, figiri, kabichi, vitunguu, na hili la mwisho stroberi.

Sufiani: Oya, stroberi ndiyo mpango mzima! Mjini wanazigombania. Tena weka na vanila, mzee baba, tunatoboa.

Sufiani ni dereva wa bodaboda, na kila kitu kakiona kwenye simu.

Mkwe: Vanila inaota kule?

Sufiani: Kule unapanda hata kijiti cha kiberiti kinachipua.

Mhandisi: Na maji je? Bila maji mnacheza kombolela.

Mhandisi ni Gervas. Alikuwa anafunga nati kiwanda cha sukari, na mpaka leo hakuna kitu anachokiona kimefungwa vizuri.

Mhandisi: Sikilizeni. Bwawa linakaa kona hii. Ndani samaki, perege. Maji ya perege yana mbolea, yanapita kwenye bomba, yanamwagilia matuta, yanarudi bwawani.

Mimi: Yanarudi yenyewe?

Mhandisi: We chemsha kahawa.

Mkwe akacheka mpaka akapiga paja. Sijamwona hivyo tangu walipompunguza kazini kwenye miwa. Alikata kipande cha kashata akakisimamisha pembeni ya vikombe.

Mkwe: Huu mdalasini wa mama. Hauguswi. Miaka ishirini na miwili nimekata miwa ya watu. Safari hii nataka nipande kitu changu nikione kinaota.

Profesa: Si chako, ni cha ukoo wa mkeo.

Mkwe: Basi cha mke wangu. Nikione!

Sufiani: Chini ya mdalasini tunaweka benchi la maharusi, wanakuja kupiga picha. Kiingilio.

Mhandisi: Na waya! Navuta waya wa chuma toka shambani mpaka barabarani. Mkungu wa ndizi unauning'iniza, unauachia, fyuuu, unamkuta dereva kashafungua mlango wa gari.

Profesa: Halafu hoteli ndogo. Vyumba vinne tu, tusijikweze.

Mkwe: Mjomba Alois atalia! Mhandisi, nionyeshe hayo maji yanavyokwenda, nikamweleze vizuri.

Mhandisi akachukua birika langu, bila hodi, akamimina kahawa kwenye kona ya bwawa. Kahawa ikasambaa kwenye boksi pande zote, ikalowesha stroberi, ikamfikia Profesa kwenye suruali. Nikafoka. Ile ilikuwa kahawa ya mwisho, imebaki ya kikombe kimoja tu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, kitenge kiunoni na tenga tupu mkononi. Kauza ndizi zake sokoni Mawenzi, sasa anasubiri gari.

Sote: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, wanangu. Naitwa Editha, wa Matombo. Kahawa ipo?

Kahawa ilikuwepo ila kikombe hapana. Nikang'oa tuta la karoti, nikalisuuza, nikammiminia. Mkwe kusikia Matombo akamshika mkono, akamweleza bustani nzima, perege mpaka maharusi. Mama Editha alisikiliza huku anapuliza kahawa, wala hakucheka.

Mama Editha: Pazuri. Sasa mlima uko upande gani?

Profesa: Upande gani kivipi?

Mama Editha: Mvua ikishuka mlimani ikakuta tuta limeelekea bondeni, inaondoka nalo, na udongo wake. Likikingama, inatulia. Ndiyo nauliza, mlima uko upande gani?

Profesa akaonyesha langoni. Sufiani akaonyesha bwawani. Mhandisi akaligeuza boksi, akaligeuza tena. Mkwe akatoa simu, akafungua picha aliyotumiwa na mkewe: shemeji yake Joyce kasimama chini ya mdalasini anatabasamu, nyuma majani matupu.

Mama Editha: Baba, umeoa lini?

Mkwe: Mwaka wa kumi na tisa huu.

Mama Editha: Na hujafika?

Mkwe: Barabara ile, mama… na mgongo wangu. Martina huwa anakwenda mwenyewe.

Hata mimi, mtoto wa Waluguru, sikuwahi kumuuliza Mkwe swali hilo. Niliona aibu kwelikweli.

Mkwe akakichukua kile kipande cha kashata kilichokuwa mdalasini, akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni.

Mkwe: Mama, gari lenu linaondoka saa ngapi?

Mama Editha: Likijaa.

Mkwe: Ngoja nimpitie mke wangu, tuje tulijaze.

Profesa: Na mpango? Kesho utamwambia nini mjomba?

Mkwe alikuwa ameshavuka mtaro. Akageuka.

Mkwe: Nitamwambia sijui mlima uko wapi, anionyeshe.