Kutoka Gari la Majeruhi hadi Usukani wa Basi

Mheshimiwa Meya; Bwana Mkurugenzi wa kampuni yetu ya mabasi; wenzangu wa vitani; madereva na mafundi; na wewe mume wangu Zvonko, uliyeniahidi kwamba leo ninapostaafu hutalia: habari za mchana.

Ndugu zangu, wengi mnanijua kama Ljerka wa basi la sokoni. Wale wa meza ya nyuma wananijua tangu nilipokuwa nikiendesha gari la majeruhi. Nilikuwa fundi cherehani mwenye leseni ya udereva. Jeshi lilikosa madereva, likanichukua.

Siku ya kwanza tu barabara ilipigwa mizinga. Nikakata kushoto, nikaingia shamba la mahindi yaliyolizidi gari kimo, sioni mbele, na nyuma nimembeba Koplo Tihomir, amevunjika mapaja yote mawili. Kila shimo nililoliingia, alinitukana. Ghafla akanyamaza. Nani kati yenu anaujua ukimya wa namna ile?

"Koplo, nitukane," nikamwambia. Nikapaza sauti: "Nitukane bwana, au nasimamisha gari hapa hapa."

Ikatoka sauti ndogo: "Dada, hata ng'ombe wa baba yangu anakushinda kuendesha."

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikakanyaga mafuta. Tihomir, hebu simama watu wakuone. Taratibu, hatuna haraka.

Vita vilipoisha nikaja hapa kuomba kazi. Mkuu wa gereji wa wakati ule, Mungu amrehemu, akanieleza kwa upole kwamba basi ni zito kwa mwanamke, ila jikoni kuna nafasi. Sikubishana naye, nilimwomba ufunguo. Nikalitoa basi kinyumenyume kupitia lango lile mnalolijua lilivyo jembamba, bila kukwaruza rangi. Akavua kofia, akasema, "Kesho uje uchukue sare." Leo madereva wanawake mmejaa safu nzima hapo mbele. Je, kuna anayewauliza habari za jikoni?

Mnaniuliza ninajivunia nini zaidi. Vitani, kila niliyemfikisha alishushwa kwa machela, na wengine walishushwa wamefunikwa uso. Katika basi nilifungua mlango, nikatazama kwenye kioo: wanafunzi, mabibi na vikapu vyao, walevi wa Jumamosi, wote wanashuka kwa miguu yao wenyewe, wanakwenda zao bila hata kugeuka. Hiyo ndiyo amani niliyoipigania, na nimeiona kwa macho yangu katika kila kituo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Karibuni mezani, supu ya samaki inapoa.