Usukani wa Kushoto

Kwenye treni ya kwenda Esslingen, abiria wa kiti cha pili alimwonyesha Eckhard picha ya Benzi ya miaka ya themanini, iliyoongezwa nguvu na fundi Brackmann. Abiria huyo alisema ameirudisha Ujerumani kutoka Japani. Wivu ukamkaba Eckhard. Alikuwa amelitafuta gari la aina hiyo tangu ujana.

"Umepigwa, bwana," akasema. "Japani usukani uko kulia. Wa gari lako uko kushoto. Bandia!"

"Wapi! Matajiri wa kule waliutaka kushoto makusudi, majirani wajue gari limetoka Ulaya. Na muhuri wa Brackmann huu hapa pichani, kwenye injini."

"Muhuri hata mimi nagonga."

Treni ikasimama. Eckhard akainuka, akamwachia yule bwana namba yake ya simu.

"Usije ukamuuzia mtu bandia hiyo, ni dhambi. Ukiichoka, nipigie mimi."