Tatang Cleto Aondoka na Vidole Kumi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Anacleto Lacsamana anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya samani hapa Betis kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Amefikisha miaka sitini. Sisi wote, mpaka wateja, tunamwita Tatang Cleto, au Tatang tu, kama mtu anavyomwita baba yake.

Aliajiriwa Septemba 1991, jivu la volkano ya Pinatubo likiwa bado limelala mapaani. Kazi yake ya kwanza haikuhusu mbao hata kidogo. Alipewa koleo, akapanda juu ya paa kuondoa jivu kabla halijaliangusha. Baadaye akapiga msasa miaka miwili, kisha akakabidhiwa msumeno mkubwa wa meza, na hapo ndipo alipodumu. Viti vya kanisa la Lubao, meza za mahakama, vitanda vya maharusi wasiohesabika: mbao zake zote zilipita mbele ya kifua cha Tatang.

Mimi nimekuwa mpokea mbao wake kwa miaka kumi na moja. Yeye anasukuma upande huu, mimi napokea upande ule, na katikati yetu diski yenye meno inazunguka. Siku yangu ya kwanza nilikuja na glavu mpya, nimependeza.

"Nestor, unakwenda harusini?" akaniuliza.

"Hapana, Tatang. Nalinda mikono."

"Msumeno ukiinasa hiyo glavu, utauvuta na mkono uliomo ndani. Vua."

Nikavua. Aliitundika msumarini, karibu na picha ya Mtakatifu Yosefu, pale alipokuwa akitundika pete yake ya ndoa kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Mikono mirefu ya shati aliikunja mpaka juu ya kiwiko. Ubao mwembamba hakuusukuma kwa vidole, aliusukuma kwa kijiti. Na kabla ya kugusa chochote karibu na meno, alizima swichi, akachomoa plagi ukutani, akaiweka juu ya meza ambapo sote wawili tuliiona. Kila mara. Hata kama ni kuokota kipande kidogo kama kiberiti.

Wachongaji walimcheka. "Tatang anaomba ruhusa kwa plagi!" Yeye alicheka nao, kisha akachomoa plagi.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka huu, ambayo yeye mwenyewe ameniomba nisiyafiche.

Mwezi wa Februari tulikuwa tunapasua mbao ngumu za nara zilizokauka vibaya. Katikati ya mpasuo ubao ukajibana nyuma ya diski, ukanyakuliwa na kurushwa kuelekea kwake. Ulipita ubavuni mwake, ukatoboa ukuta wa plaiwudi nyuma yake na kubaki umening'inia pale. Alifungua shati tukatazama. Hakukuwa na hata mkwaruzo. Wenzetu wakapiga makofi, mtu akaleta soda, kazi ikaendelea.

Lakini kuanzia siku ile Tatang hakuwa yule yule. Alianza kwenda msalani kabla ya kila oda. Jasho lilimtoka saa mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Akishika ubao niliona ncha yake ikicheza, na mtetemo ule ulinifikia mimi upande wa pili, kupitia kwenye mti wenyewe. Alikuwa akihesabu kwa chaki nyuma ya mlango siku zilizobaki kabla ya kustaafu. Nilimwogopea sana. Na kusema kweli nilijiogopea na mimi, kwa sababu mtu anayetetemeka mbele ya diski anamhatarisha na mwenzake. Hata hivyo sikumwambia neno. Ningemwambiaje Tatang Cleto kwamba anaogopa?

Tarehe 24 Aprili, wiki moja baada ya Wiki Takatifu, joto lilikuwa la kuchemsha maji. Saa nane mchana tulikuwa tunakata vipande vyembamba vya migongo ya viti, kimoja kikakwama kati ya diski na bamba la meza. Kabla hatujafanya lolote umeme ukakatika. Feni zikafa moja moja. Kimya kikaingia, na watu wakatoka nje kutafuta hewa huku wakilitukana shirika la umeme.

Nikaona ndiyo nafasi ya kukitoa kile kipande. Sikutazama plagi. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kuhitaji kuitazama. Nikainua kifuniko, nikaingiza vidole viwili pembeni mwa meno, nikaanza kukitingisha kipande. Diski ilikuwa bado na joto.

Tatang alikuwa amesimama akijifuta shingo. Macho yake yakaenda ukutani.

"Nestor, mkono!"

Niliutoa, ingawa sikuwa nimeelewa chochote. Ni ile sauti. Sijawahi kumsikia akipiga ukelele namna ile. Alikuwa amepiga hatua mbili tu kuelekea ukutani wakati feni zilipoanza kuzunguka na msumeno ukanguruma wenyewe, pasipo mtu kuugusa. Kile kipande kiliruka, kikapasuka juu ya kifuniko na kutawanyika kama bisi.

Alichomoa plagi kwa mikono miwili. Diski ikachukua muda wake kusimama, na sisi tukaitazama mpaka mwisho.

Kisha akaketi juu ya rundo la mbao. "Nimesahau, mwanangu," akasema. "Sikuzima. Nimesahau." Aliuvuta mkono wangu, akavigusa vidole vyangu kimoja kimoja, akafika cha tano, akaanza tena upya. Alifanya hivyo mara tatu. Nikaketi kando yake.

Msimamizi wetu, Fermin Sunga, ambaye tunamwita Koya, yaani kaka, akaja mbio. "Mbona mmezima? Umeme umesharudi! Viti vinatakiwa Manila Jumamosi!"

"Sisimami tena pale, Fermin," Tatang akasema. "Naogopa."

Wachongaji walikuwa wamesharudi mlangoni. Mmoja akapaza sauti, "Haya, Tatang amekuwa bibi harusi! Mleteeni shela!" Wakaangua kicheko.

"Imebaki miezi saba tu, Tatang," Koya Fermin akamwambia kwa sauti ya chini. "Vumilia. Watu watasema nini?"

"Wamekwisha kusema, si umewasikia? Tangu Februari naogopa. Nikaona haya, nikanyamaza, nikaendelea kusukuma mbao. Sasa akili yangu yote iko kwenye woga, mpaka nimesahau kuzima. Leo mkono wa Nestor ungebaki pale mezani. Mkono wake, si wangu!"

Koya Fermin akaitazama plagi iliyokuwa sakafuni. Wote tunajua kwamba mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili, na wote tumesikia hadithi yake, jinsi alivyovipoteza akishindana na mtu kupasua mbao mia kwa siku moja, na bado akashinda. Huisimulia kila Krismasi. Siku ile aliketi upande wa pili wa Tatang, akauweka mkono ule juu ya goti.

"Hakukuwa na shindano," akasema. "Asubuhi ile nilijua mikono yangu haijatulia. Mtoto alikuwa hospitali, sikuwa nimelala. Nilitaka kumwambia bosi, nikaona haya."

Kicheko kikaisha mlangoni. Yule aliyetaja shela akavua kofia.

Kesho yake Tatang, Koya Fermin na mimi tuliingia ofisini kwa mwenye karakana, Madam Tessie. Tatang hakuomba jambo kubwa. Alitaka kila mashine iwekewe swichi ambayo umeme ukikatika hujizima, na ukirudi haiwaki mpaka mtu aibonyeze kwa hiari yake. Madam alisema ziagizwe, ila kazi isisimame wakati zinasubiriwa.

"Basi kasimame wewe pale, Madam," Tatang akajibu kwa adabu kabisa. "Mimi nitapokea mbao."

Madam alishuka nasi, akausimamia ule msumeno ukiwa umezimwa, akaweka kiganja juu ya meza na kuyatazama meno yale kwa karibu. Aliporudi ofisini alipiga simu Manila kuwaambia viti vitachelewa. Mashine zote saba zikakaa kimya siku tisa, mpaka fundi umeme alipofunga swichi ya mwisho. Mteja alifoka. Viti vilifika, na anavikalia hadi leo.

Miezi saba iliyobaki Tatang aliipitisha kwenye benchi la kunolea patasi na meno ya misumeno, akiwafundisha wanaoingia kazini. Pia aliacha utaratibu mmoja ambao haukuandikwa popote: yeyote anaweza kumwambia Koya Fermin "leo siwezi" akapewa kazi nyingine, bila kuulizwa sababu na bila kutaniwa. Mpaka sasa mimi nimesema mara mbili. Wachongaji wamesema, akiwemo yule wa shela. Koya Fermin mwenyewe amesema mara moja, akakaa siku nzima akipaka vanishi, na hakuna aliyemcheka.

Wageni wetu waliozoea sherehe za karakana hii watashangaa kwamba kwenye ratiba ya leo hakuna kukata ubao wa mwisho. Ni desturi yetu: mstaafu huwasha mashine yake mbele ya watu, akakata ubao mmoja, ukachongwa jina lake na kutundikwa ukumbini. Mimi ndiye niliyepanga ratiba, na nilikuwa nimekiandika kipengele hicho. Jumatatu Tatang alinijia benchini kwangu.

"Kitoe hicho," akasema.

"Watu watauliza, Tatang. Niandike sababu gani? Niseme mgongo unauma?"

"Mgongo wangu mzima. Andika naogopa."

"Kwa maneno hayo hayo? Mkeo atakuwepo, wajukuu watakuwepo."

"Kwa hayo hayo. Nataka wajukuu wayasome."

Basi nimeyaandika.

Tatang, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana, na kwa niaba ya mkono wangu wa kulia ulioandika ukurasa huu, asante. Tunakutakia siku ndefu pamoja na mkeo, mama Luring, bata wa kufuga wenye mayai mengi, na asubuhi ambazo hutalazimika kuivua pete yako.

Nestor Dabu
Mpokea mbao