Dakta Gerhard Tiessen na Rangi Iliyobaki Nje ya Seli

Dakta Gerhard Tiessen hakufukuzwa chuo kikuu, wala hakughushi tarakimu hata moja. Hayo yamesemwa hapa Leamington kwa miaka ishirini na miwili, mengine kwenye viti hivi hivi mlivyokalia, na leo familia inayakanusha mbele ya jeneza lake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Leamington, Ontario, mtoto wa nne wa Peter na Agatha Tiessen, wakimbizi kutoka Ukraine waliolima nyanya ekari kumi na mbili. Alisoma shule za hapa, kisha akaenda Toronto Septemba 1959, nyanya zikiwa bado shambani. Babake hakumpa mkono wa kwaheri. Alirudi mwaka 1970 na shahada ya uzamivu katika sayansi ya chakula.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa Hedwig Neufeld, mwalimu wa hisabati. Wakati wa uchumba alimpelekea kikapu cha nyanya kwa baiskeli, zikapondeka zote njiani. Alisimama mlangoni, shati limelowa, akasema, "Hedwig, nimekuletea mchuzi. Imebaki kuupika tu." Aliupika.

Kwa miaka ishirini na saba, katika maabara ya chuo kikuu iliyofadhiliwa na chama cha wakulima wa nyanya, alichunguza jinsi seli za saratani zinavyofyonza rangi za mimea tunayokula, hasa wekundu wa nyanya. Rangi hiyo haipatani na maji. Ukiimimina juu ya seli, nyingine huingia ndani, nyingine hung'ang'ania nje kama masizi kwenye sufuria, na asiyeosha vizuri huihesabu yote kuwa imeingia. Mwaka 1994 alitangaza kwamba seli za saratani ya tezi dume huifyonza kwa wingi. Hakusema kwamba zinakufa. Ni chama cha wakulima kilichochapa bango lililodai nyanya huua saratani, na ni kanisa hili hili lililolipigia makofi.

Mwaka 1997 alirudia kazi ile, safari hii akiziosha seli mara tatu badala ya moja. Zaidi ya nusu ya rangi ikatoka. Hakuna aliyemshuku wala kumwuliza. Aliliandikia jarida mwenyewe, akakiri kosa. Chama kikakata ufadhili, maabara ikafungwa, naye akastaafu akiwa na miaka hamsini na sita. Binamu yake Jakob Enns, mwenyekiti wa chama, alimfuata hadi jikoni, Hedwig akisikia.

"We Gerhard, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Mimi, Jakob. Na sasa na wewe unajua. Bango utalishusha lini?"

Bango lilikaa miaka minne zaidi. Aliyeitwa mwongo ni Gerhard.

Aprili 2019 madaktari waligundua kwamba ana saratani ya kongosho. Watu waliokuwa wakivuka barabara ili wasimsalimu walikuja na chupa za maji ya nyanya. Mmoja wao, kijana wa kanisa hili, alimwambia huku akicheka, "Mjomba, kunywa basi dawa yako." Gerhard alimshukuru, akanywa, kwa kuwa alikuwa na kiu. Kijana alipoondoka, alimwomba mkewe asimchukie kijana yule. Mkewe hakuahidi.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya Hedwig.

Ameacha mjane, Hedwig, mabinti wawili, Renate na Ingrid, wajukuu watano, na dada yake, Susanna. Mungu ampe pumziko ambalo majirani zake walimnyima.

Baada ya maziko kutakuwa na mikate, jibini na kahawa chumba cha chini. Mjane atapokea pole za kila mtu. Kuhusu maabara ameshasema, katika maneno haya mliyosomewa, yote aliyokusudia kusema, na hatajibu swali lolote, leo wala siku nyingine.